Je, Protoni Huvunjika?

Katika somo la Kemia twafundishwa kwamba kiini cha kila atomu kina protoni, na ile ya haidrojeni ni moja tu. Je, protoni yenyewe hudumu milele? Mwaka 1974 wataalamu wawili wa Marekani, Georgi na Glashow, walitoa nadharia isemayo kwamba huvunjika, ila baada ya muda usiofikirika. Ikiwa ni kweli, mwishowe hata jiwe halitabaki.

Ulimwengu wenyewe una umri wa miaka bilioni 13.8 tu, basi tutangoja mpaka lini? Hakuna haja ya kungoja protoni moja. Kusanya nyingi mno, uzitazame zote pamoja. Chukua kalamu. Gramu 18 za maji zina molekuli 6 × 10²³, na kila molekuli ina protoni 10. Tani 50,000 zina protoni ngapi? Utapata karibu 1.7 × 10³⁴.

Maji hayo yapo kweli. Yamo katika tangi la Super-Kamiokande huko Japani, mita 1,000 chini ya mlima, nalo lilianza kazi mwaka 1996. Kuta zake zina macho ya kioo zaidi ya 11,000. Protoni ikivunjika, vipande vyake hupita majini upesi kuliko mwanga uendavyo humo (maana mwanga majini hupunguza mwendo), na hapo hutokea pete za mwanga hafifu wa buluu.

Taabu ni nyutrino zitokazo hewani. Mlima wote ule haufui dafu mbele yake, nazo pia hufanya pete. Kwa hiyo mwaka 2020 zilitiwa majini tani 13 za chumvi ya gadolini. Nyutrino ikigonga kiini, mara nyingi hutoka nyutroni. Gadolini huinasa na kutoa miale ambayo alama yake huonekana. Protoni ikivunjika, nyutroni hutoka kwa nadra. Basi pete zenye alama ile huachwa.

Mpaka sasa haijathibitika kuvunjika hata moja. Lakini kimya hicho nacho ni jibu. Matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha, kwa uhakika wa asilimia 90, kwamba kwa njia ya kuvunjika inayotazamiwa zaidi, umri wa wastani haupungui miaka 2.4 × 10³⁴. Nadharia ya 1974, kwa umbo lake la kwanza, ilikisia umri mfupi zaidi, imekwisha anguka.

Sasa linajengwa tangi jingine, Hyper-Kamiokande, la tani 260,000 hivi. Rudia hesabu ile kwa maji hayo.