SOMO LA AFYA: MIKROBE ISIYOSIKIA DAWA



Nani kati yetu hajatumwa kununua dawa? Mara nyingi tunaambiwa: "Kimbia, lete ampisilini mbili, mutoto ana homa." Tunakwenda pembeni ya njia, tunarudi na vidonge katika karatasi. Leo tujifunze kwa nini safari hiyo ni ya hatari.

Hapa Kisangani homa ya mtoto ni malaria mara nyingi. Lakini kuna mikrobe iitwayo Salmonela, ambayo huingia katika damu ya watoto wadogo, zaidi wale wa chini ya miaka 5. Malaria yenyewe huifungulia mlango, kwa sababu inapunguza damu na nguvu ya mwili. Watafiti waliopima damu ya watoto wagonjwa walikuta magonjwa hayo mawili pamoja. Hapo dawa ya malaria peke yake haitoshi. Inafaa antibiyotiki, yaani dawa ya kuua mikrobe.

Shida iko hapa: Salmonela nyingi za Kongo hazisikii tena ampisilini, kloramfenikoli wala kotrimoksazoli. Mwaka 2019 wataalamu wa INRB ya Kinshasa na wenzao wa Ulaya walitangaza kwamba katika nchi yetu kuna Salmonela zinazoshinda hata seftriaksoni na azitromisini. Kwa mtoto wa namna hiyo, munganga anabaki na dawa chache sana mkononi.

Inakuwaje? Tufanye hesabu. Mikrobe ikipata mahali pazuri, inaweza kujigawa mara mbili kila dakika 20 hivi. Moja inakuwa 8 kwa saa moja, na 512 kwa saa tatu. Katika wingi huo, moja ao mbili zinaweza kuzaliwa ngumu. Tukimeza dawa bila lazima, ao kidogo kidogo, zile dhaifu zinakufa, zile ngumu zinabaki na kuzaana. Tena zinaweza kupeana ugumu huo zenyewe kwa zenyewe.

Tushike neno hili: si mtoto anayezoea dawa, ni mikrobe. Kwa hiyo hata mtoto ambaye hajameza antibiyotiki siku moja anaweza kushikwa na mikrobe ngumu iliyotoka kwa jirani.

Alexander Fleming, aliyevumbua penisilini mwaka 1928, alionya juu ya jambo hili mwaka 1945 alipopewa tuzo ya Nobel. Mwaka 2019 mikrobe ngumu ziliua watu karibu milioni 1,27 duniani. Kati ya kila watano, mmoja alikuwa mtoto wa chini ya miaka 5.

Basi tufanye hivi:
1. Mtoto akipata homa, apelekwe upesi kituo cha afya, apimwe.
2. Tusinunue antibiyotiki bila karatasi ya munganga. Haitibu malaria wala mafua.
3. Dozi imezwe yote vile ilivyoandikwa. Mama akisema, "Amepona, ingine nitamuwekea mudogo wake," tumweleze kwa heshima.
4. Tunawe mikono kwa sabuni, tunywe maji yaliyochemshwa, na watoto walale chini ya chandarua.

Mungu alituamuru kumpenda jirani. Siku tukitumwa tena, tuanze hapo.

MASWALI: Kwa nini malaria inasaidia Salmonela? Mikrobe moja inakuwa ngapi kwa saa mbili?