Ufahamu na Ufupisho: Masanduku ya Barua Katika Nyika ya Dartmoor

Mtahiniwa, kifungu hiki kinahusu uraibu ambao huenda hujawahi kuusikia. Usitishike. Katika ufahamu, majibu yote yamo ndani ya kifungu. Kisome mara ya kwanza upate maana ya jumla, usome maswali, kisha urudi kwenye kifungu ukiwa na kalamu mkononi.

Soma kifungu kifuatacho kisha ujibu maswali.

Dartmoor ni nyika pana iliyoinuka katika kaunti ya Devon, kusini magharibi mwa Uingereza. Ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 954, nayo imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1951. Miti ni haba huko. Msafiri huona nyasi, vinamasi na vilima vyenye vichwa vya miamba mitupu. Mtu angedhani hapana cha kutafuta mahali kama hapo. Hata hivyo, watu hupanda huko wakiwa na ramani, dira, daftari na mhuri, wakitafuta masanduku madogo yaliyofichwa chini ya mawe. Anayelipata sanduku hukuta ndani yake mhuri wa mpira na daftari. Huupiga mhuri wa sanduku katika daftari lake, huupiga wake katika daftari la sanduku, kisha hulirudisha sanduku palepale alipolikuta.

Uraibu huu ulianza mwaka 1854. James Perrott, mwongozaji wa wasafiri kutoka mji mdogo wa Chagford, aliweka chupa huko Cranmere Pool, mahali pa mbali katikati ya vinamasi vya kaskazini, ili wageni watie humo kadi zenye majina yao kuonyesha kwamba walifika. Baadaye chupa ikawa sanduku, na wageni wakaanza kuacha barua na postikadi. Aliyefuata kufika alizichukua akaenda kuzitia posta. Mtu alimtumikia asiyemjua, akitumaini kwamba mwingine asiyemjua naye atamtumikia vivyo hivyo. Ndipo yakaitwa masanduku ya barua. Mwaka 1938 sanduku liliwekwa Ducks' Pool, kusini mwa nyika, kumkumbuka William Crossing, mwandishi aliyeandika sana kuhusu Dartmoor. Kwa zaidi ya miaka mia moja masanduku yalikuwa machache, na kuyafikia kulidai safari ndefu ya miguu.

Kizuri hakikosi ila. Kuanzia miaka ya 1970 uraibu huu ulipata umaarufu, na masanduku yakaongezeka hadi maelfu. Wingi huo ndio ulioleta matatizo. Mtu mmoja akiinua jiwe na kulirudisha, nyika haihisi. Mamia wakiinua mawe yaleyale, udongo hulegea, mimea hung'oka na njia mpya huchimbika katika ardhi laini. Aidha, Dartmoor ina mabaki ya nyumba na makaburi ya mawe ya watu walioishi huko maelfu ya miaka iliyopita. Machoni pa mgeni, ukuta wa kale ni rundo la mawe tu, tena maficho mazuri ya sanduku. Jiwe likishang'olewa hapo, ushahidi wa historia huvurugika, wala hakuna fundi awezaye kuurudisha.

Nyika ina wenyewe pia. Wafugaji wenye haki ya malisho hulisha huko kondoo, ng'ombe na farasi wadogo. Ndege kadhaa hutaga mayai chini, kwenye nyasi. Ndiyo sababu kati ya tarehe 1 Machi na 31 Julai mbwa hutakiwa kufungwa kamba fupi. Mtafutaji anayepekua kila kichaka katika miezi hiyo huweza kumfukuza ndege kwenye kiota bila hata kumwona. Sehemu za kaskazini nazo, Cranmere Pool ikiwemo, hutumiwa na jeshi kwa mazoezi ya kufyatua risasi za kweli. Bendera nyekundu zikipandishwa mchana, au taa nyekundu zikiwashwa usiku, hakuna ruhusa ya kuingia. Juu ya hayo, ukungu huweza kushuka ghafla ukamficha mtu njia aliyoijia, na mbele yake mna vinamasi.

Teknolojia imeleta changamoto ya aina nyingine. Mnamo Mei 2000, Marekani iliacha kupunguza makusudi usahihi wa mawimbi ya setilaiti zake yanayotumiwa na raia. Papo hapo ukazuka mchezo wa kutafuta vitu vilivyofichwa kwa kuongozwa na kifaa cha mkononi. Kifaa hicho humfikisha mtu hatua chache tu kutoka kwenye kitu chenyewe. Mtafutaji wa sanduku la barua hupewa kidokezo tu: pembe ya dira kuelekea kilele fulani, na idadi ya hatua kutoka kwenye jiwe fulani. Lazima aitazame nchi. Stadi hiyo ya kuisoma ardhi ndiyo inayoweza kupotea vijana wakizoea kuitazama skrini. Na sanduku ambalo mwenyewe amechoka kulitunza hugeuka kuwa takataka.

Ili kuukinga uraibu huu, yamewekwa maadili. Sanduku lisifichwe katika magofu ya kale wala ndani ya ukuta. Ardhi isichimbwe, mawe yasivunjwe, saruji isitumiwe. Maadili hayo hayana askari wa kuyalinda. Anayeyavunja huwa peke yake nyikani, haonwi na mtu. Kwa hiyo uraibu huu ungali unategemea kilekile kilichoifikisha postikadi ya kwanza posta: uaminifu wa mtu kwa mtu asiyemjua.

Maswali

1. Eleza jinsi masanduku haya yalivyopata jina lake. (alama 2)
2. "Kizuri hakikosi ila." Thibitisha ukweli wa methali hii kwa kurejelea aya ya tatu. (alama 4)
3. Linganua utafutaji wa masanduku ya barua na mchezo ulioletwa na setilaiti. (alama 2)
4. Kwa nini ni vigumu kuhakikisha kwamba maadili yanafuatwa? (alama 2)
5. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumiwa katika kifungu: haba, maficho, magofu. (alama 3)
6. Kwa maneno yasiyozidi 50, fupisha aya ya tatu na ya nne ukionyesha changamoto za uraibu huu. (alama 7, 1 ya mtiririko)

Majibu na maelezo

1. Wageni waliacha humo barua na postikadi (1), na aliyefuata kufika alizichukua kuzitia posta (1). Ukitaja chupa ya mwaka 1854 pekee hupati alama, kwa kuwa chupa ilitiwa kadi za majina, si barua.

2. Kizuri ni umaarufu wa uraibu na kuongezeka kwa masanduku (2). Ila ni uharibifu wa udongo na mimea (1) na kuvurugika kwa mabaki ya kale (1). Watahiniwa wengi hueleza ila peke yake na kupoteza nusu ya alama. Methali ina pande mbili; onyesha zote.

3. Mtafutaji wa sanduku la barua hutumia kidokezo na dira, akalazimika kuitazama ardhi (1), ilhali katika mchezo wa setilaiti kifaa humfikisha mtu karibu kabisa na kitu (1). Kulinganua ni kuonyesha tofauti, kwa hiyo viunganishi kama "ilhali" na "bali" hukufaa.

4. Hakuna askari wa kuyalinda (1), na anayeyavunja huwa peke yake nyikani bila kuonwa (1).

5. Haba: chache. Maficho: mahali pa kufichia kitu. Magofu: mabaki ya majengo ya zamani yaliyobomoka.

6. Jibu la kuigwa:

Wingi wa watafutaji hulegeza udongo, hung'oa mimea na kuchimba njia mpya nyikani. Mabaki ya kale huvurugwa mawe yanapoondolewa. Ndege wanaotaga chini hufukuzwa viotani. Zaidi ya hayo, watafutaji wenyewe huzuiwa na mazoezi ya kijeshi, na huhatarishwa na ukungu wa ghafla pamoja na vinamasi.

(Maneno 42. Hoja zozote sita, alama 6.)

Tazama yaliyoachwa: tarehe, rangi ya bendera, mfano wa mtu mmoja na jiwe lake. Yote ni ya kweli, lakini si changamoto. Kabla ya kuandika neno lolote katika ufupisho, jiulize: je, swali limeliomba hili? Kama halikuliomba, liache kifunguni.