Kinasa sauti na mada ya biashara ya misafara

Kabla ya kuwasha kinasa sauti darasani, omba ruhusa ya mwalimu. Kiweke karibu naye, mbali na dirisha. Mvua ikipiga bati, hutasikia neno.

Hata hivyo usiache kuandika. Mwalimu akieleza njia ya Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji, andika daftarini neno na dakika tu: "hongo, dk. 14". Jioni hiyohiyo rudi dakika ya 14. Hapo utasikia kwamba hongo haikuwa rushwa, bali ushuru ambao misafara ililipa kwa watemi ili ipite. Asiyelijua hilo hataeleza vizuri kwa nini Mirambo wa Urambo alipigana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora kuanzia 1871.

Sasa zima, ujijibu kwa maandishi: nani alipigana na Wajerumani Tabora, Mirambo au Isike? Wengi hupoteza alama hapa. Mirambo alifariki 1884. Isike wa Unyanyembe ndiye aliyepigana nao hadi kifo chake mwaka 1893. Ukikosea, sikiliza tena sehemu hiyo, kisha andika jibu upya. Vipindi vya wiki nzima usivirundike, hutavisikiliza.