Kule Universite Hakuna Kengele

Sisi wa mwaka wa sita tunasema kila siku: tukipata diploma ya Serikali, tunaenda Universite ya Kisangani. Ni vizuri. Waprotestanti ndio walioianzisha mwaka 1963. Mwaka 1971 Serikali iliiunganisha na zile za Kinshasa na Lubumbashi, halafu mwaka 1981 ikazitenganisha tena. Tangu 1971 ni ya Serikali, na watu wanaingia mingi kweli.

Mkubwa wetu mmoja aliyesoma hapa alitueleza maisha ya universite. Oditwari inajaa asubuhi sana. Ukichelewa, unaandika umesimama mlangoni na sauti ya profesa haikufikii. Vyumba vya kampusi havitoshi, basi mwenye kitanda anaficha wenzake, wanalala chini. Hao wanaitwa "maquisards", ni kusema watu wa kujificha porini. Chakula ni mara moja kwa siku. (Wenye kunungunikia maharagi yetu wasikie!)

Lakini yeye alisema njaa si kitu. Kilichomshinda mwaka wa kwanza ni kwamba hakuna mtu aliyemwuliza: umesoma? Katika mpango wa LMD mwaka uko na krediti 60, na kazi mingi unaitafuta wewe mwenyewe. Na sisi je? Mwalimu akitoka tu, kelele. Kapita asipoandika majina, hakuna anayefungua daftari.

Basi tumemwomba Bwana Prefe mwaka wa sita tusome usiku bila msimamizi. Amekubali majuma mawili tu. Tunaanza Jumatatu.