Shangazi, mtoto mmoja amenishinda!

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Tabata, Dar es Salaam. Shule zimefungwa tangu mwanzoni mwa Desemba, na dada wa kazi amekwenda kwao Singida kula Krismasi na wazazi wake. Nimebaki na mwanangu wa miaka miwili na miezi minne. Darasani nina watoto 80 na wananisikia, lakini huyu mmoja amenitoa jasho. Joto ni kali, umeme ukikatika feni ikazima, basi ni kilio. Anamwaga unga, anapanda meza. Ili nipike nampa simu aangalie katuni, na sasa bila simu hali chakula. Baba yake akirudi anaangalia vyombo vilivyotapakaa, ananiuliza: “Si umeshinda nyumbani tu?” Shangazi, natamani shule zifunguliwe kesho. Je, mimi ni mama mbaya?

Mwalimu Mchovu

Mama mbaya wewe, mwanangu? Hata kidogo. Umechoka, na uchovu wako umezidi kwa sababu nyumba nzima inadhani uko likizo. Aliye likizo ni dada, na ni haki yake: sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo yenye malipo kwa mwaka, na wa nyumbani naye ni mfanyakazi. Usimpigie kumhimiza arudi. Wewe umepokea kazi yake, ukaiongeza juu ya yako.

Sasa jiulize kwa nini wale 80 wanakusikia. Wana kengele, na kila mmoja ana la kufanya. Huyu wa nyumbani hana kengele wala kazi, ana mama anayemwambia “acha” kutwa nzima.

Kengele yake iwe jua. Saa moja asubuhi, kabla halijawa kali, nenda naye gengeni kwa miguu, arudi ameshika kitunguu chake mwenyewe. Mkichelewa njiani, mchelewe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka mtoto wa umri huo ajishughulishe kwa kucheza na kutembea si chini ya dakika 180 kwa siku. Akichoka asubuhi, mchana atalala, nawe ulale. Vyombo havina miguu, utavikuta.

Kazi zimejaa humo humo ndani. Atoe viazi kikapuni aviweke kwenye sufuria kimoja kimoja, kisha avirudishe. Akupe vibanio unapoanika nguo. Unga anaoupenda, mwekee kikombe kimoja kwenye sinia sakafuni auchore kwa vidole. Ataumwaga, lakini mfuko utakuwa salama. Maharage usimpe, huishia puani. Joto likizidi, mweke kwenye beseni lenye maji kidogo na kikombe cha plastiki, nawe ukae hapo hapo. Ukiinuka, inuka naye, na maji uyamwage. Mtoto mdogo huzama kwenye maji machache sana, tena bila kelele. Na ndoo za maji ya akiba zifunikwe.

Simu usiivunje. Mwongozo huo huo unasema kwa mtoto wa miaka miwili isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni heri. Mpe nusu saa ile unayokaanga, awe mbali na jiko lakini pale unapomwona. Wakati wa kula, simu zote zikae chumbani, na yako pia. Atagoma. Akikataa sahani, iondoe bila ugomvi, umpe maji, kisha mlo unaofuata uje kwa wakati wake. Ukimwona amelegea au anapungua uzito, mpeleke kliniki.

Limebaki la baba yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Jumamosi hii mwachie mtoto tangu asubuhi hadi saa kumi, wewe nenda kasuke nywele. Usimwachie maelekezo marefu, wala usimwitie wifi yako aje kumsaidia. Akipiga simu kuuliza suruali za mtoto ziko wapi, mjibu: kabatini. Ukirudi ukakuta sebule imepinduka, usicheke mbele yake.

Nawe baba, najua gazeti hili linafika mezani kwako. Ukiingia jioni, salimia, nawa mikono, mpokee mtoto mpaka mwenzako aoge na ale akiwa amekaa. Swali lako lile sitaki kulisikia tena.

Shangazi