Kompyuta Inapojizima na Kujiwasha: Tafuta Chanzo Kabla ya Kumtafuta Mtu



Katika miji yetu, kuanzia Busia na Malaba hadi Mutukula, kompyuta ya mezani imekuwa chombo cha riziki. Hati za mizigo huandaliwa humo, barua za maombi ya kazi huchapwa humo, na shule huhifadhi humo majina na alama za wanafunzi. Chombo hicho kinapojizima katikati ya kazi na kuwaka tena bila kuamrishwa, hasara huzidi kurasa zilizopotea. Lori huweza kukesha mpakani likingojea karatasi moja.

Hasara nayo huzaa shuku. Mwenye duka humtazama kwa jicho baya kijana aliyeitumia mashine jana. Mwingine husema ameingiliwa na wadukuzi wa ng'ambo ya pili ya mpaka. Somo hili lakusudia kuonyesha kwamba mara nyingi chanzo ni umeme, joto au kifaa kilichochakaa, na kwamba kila mmoja wetu aweza kukichunguza kwa utaratibu kabla ya kumtuhumu mtu au kumkabidhi mgeni mashine yenye siri za wateja.

Hatua ya kwanza: okoa kazi, kisha andika

Mashine ikikupa hata dakika kumi za kuwaka, nakili mafaili ya lazima kwenye flashi au diski ya nje. Kisha chukua daftari uandike: imezima saa ngapi, baada ya kuwaka kwa muda gani, na wakati huo ni vifaa gani vingine vilivyokuwa vikitumia umeme. Baada ya siku mbili au tatu daftari hilo litakuonyesha mwenendo wa tatizo. Mashine inayozima kila fotokopi inapoanza kazi haina ugonjwa mmoja na ile inayozima kila baada ya dakika ishirini.

Umeme

Anza na vilivyo nje ya mashine. Hakikisha waya wa umeme umeshikilia barabara nyuma ya kompyuta na kwenye soketi. Ukiona plagi imeungua au inanuka, iache kabisa, kwa kuwa hiyo ni hatari ya moto kwa nyumba nzima.

Pasi, birika la umeme, fotokopi na printa ya leza huvuta umeme mwingi kwa ghafla. Zikichangia waya mmoja wa nyongeza na kompyuta, umeme hushuka kwa nukta moja na kompyuta huzima. Itengee soketi yake. Printa ya leza isichomekwe kwenye upande wa betri wa UPS.

UPS yenyewe huweza kuwa ndiyo mkosaji. Betri yake kwa kawaida hudumu miaka 3 hadi 5. Ikichakaa, umeme ukiyumba kidogo tu UPS hukata, ilhali taa yake bado yawaka. Kwa jaribio, ichomeke kompyuta moja kwa moja kwenye soketi nzuri kwa siku moja. Tatizo likikoma, badilisha betri.

Wanaonunua mashine zilizotumika, hasa zilizotoka Marekani, watazame nyuma kama kuna swichi ndogo yenye namba 115 na 230. Umeme wetu ni wa volti 240, hivyo swichi hiyo yapasa kuwa kwenye 230. Ikiachwa kwenye 115, kifaa cha kugawa umeme kiitwacho pawa saplai huungua mara inapowashwa.

Joto

Ikiwa mashine huwaka vizuri asubuhi, ikazima baada ya muda, ikakataa kuwaka mpaka ipoe, shuku joto. Prosesa hujilinda: joto likikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, mashine nyingi hujizima zisiungue. Vumbi jekundu la barabara zetu hujaa kwenye feni na kuziba njia ya hewa.

Zima mashine, chomoa waya, ipeleke nje, fungua ubavu wake na upanguse vumbi kwa brashi laini kavu. Shikilia feni kwa kidole isizunguke unapoisafisha. Ukiiwasha tena, hakikisha feni ya prosesa inazunguka. Pawa saplai usiifungue kamwe, kwani huhifadhi umeme ndani hata baada ya kuchomolewa.

Vifaa vya ndani

Chipu za RAM zikilegea au zikishika kutu, mashine hujiwasha upya bila mpangilio. Mashine ikiwa imechomolewa, gusa kwanza chuma cha kasha lake, kisha zitoe, sugua meno yake taratibu kwa kifutio cha penseli, na uzirudishe hadi zibane. Zikiwa mbili, jaribu moja moja. Ukiona kwenye ubao mkuu kapasita zilizovimba vichwa, hiyo ni kazi ya fundi.

Je, ni virusi au mdukuzi?

Yawezekana. Agosti 2003 kirusi kiitwacho Blaster kilisambaa duniani na kuzilazimisha kompyuta za Windows kujiwasha upya, baada ya kuonyesha tangazo la kuhesabu sekunde 60. Hata hivyo, Windows nayo hujiwasha upya ikikutana na hitilafu kubwa au inapokamilisha masasisho. Katika mipangilio yake waweza kuiondolea amri ya kujiwasha baada ya hitilafu, ili maandishi ya kosa yabaki kwenye kioo uyanakili. Ukikuta tukio namba 41 la Kernel-Power katika kumbukumbu za matukio, usihofu. Maana yake ni kwamba mashine ilizimika bila kufuata utaratibu, na halimtaji aliyesababisha.

Lipo jaribio moja rahisi. Washa mashine, ingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya BIOS kabla Windows haijaanza, uiache hapo nusu saa. Ikizima hata hapo, kosa limo katika umeme au vifaa, wala si Windows, si virusi, na si kijana wa jana. Isipozima, uchunguzi uendelee, kwani hilo peke yake si ushahidi dhidi ya mtu.

Kumbukeni pia kwamba msaada wa kawaida wa Windows 7 ulikoma Januari 2020, na wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine isiyopata tena masasisho ya usalama isitumiwe kwa kazi za fedha kwenye intaneti.

Unapompelekea fundi

Kwanza nakili data, kisha, ikiwezekana, toa diski ubaki nayo, maana hitilafu ya umeme au joto huweza kutengenezwa bila diski yako. Andika namba ya mashine na vifaa vilivyomo, na upewe stakabadhi yenye sahihi. Mtu akikupigia simu akidai ametoka kampuni ya kompyuta, akataka uweke programu ya kumwezesha kuiongoza mashine yako kutoka mbali, kata simu.

Nchini Uganda, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 yakataza kuingia katika data ya mwingine bila idhini, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 yamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Kenya ina sheria yake ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018, na Tanzania ya mwaka 2015. Kuvuka mpaka kutafuta fundi wa bei nafuu hakukuondolei wajibu huo.

Baada ya uchunguzi huu, ukiona dalili za kweli za uhalifu, kama fedha zilizohamishwa, nywila zilizobadilishwa au mafaili yaliyofungwa kwa kudai malipo, usifute chochote. Itenganishe mashine na intaneti, uje kituoni ukiwa na daftari lako. Daftari lenye tarehe na saa humsaidia mpelelezi kumfikia mkosaji, na humlinda asiye na hatia.