Njia Pana, Njia Nyembamba na Vichochoro: Sitiari ya Njia Mbili katika Muktadha wa Kibera na Kawangware

Miongoni mwa mafundisho ya Kikristo yaliyokita mizizi katika Kiswahili cha mahubiri nchini Kenya, fundisho la njia mbili lina nafasi ya pekee. Kulingana na Injili ya Mathayo (7:13-14), upo mlango mpana na njia pana inayowafikisha wengi upotevuni, na upo mlango mwembamba na njia iliyobana inayowafikisha wachache uzimani. Fundisho hili husikika makanisani, katika mikutano ya injili ya hadhara, matangani na hata ndani ya matatu. Wahakiki wa fasihi aghalabu hulitaja kama mfano wa sitiari au wa tanakuzi, kisha wakapita. Makala haya yanashikilia kwamba sitiari haielei hewani. Humfikia msikilizaji akiwa amesimama mahali fulani, na mahali hapo huwa na usemi katika maana yake. Mahali palipoteuliwa hapa ni Kibera na Kawangware, mitaa miwili ya Nairobi ambako wembamba wa njia ni jambo la kila asubuhi kabla haujawa picha ya akilini.

George Lakoff na Mark Johnson (1980) walieleza kuwa binadamu hufikiri kwa sitiari, na kwamba dhana tusizoweza kuzigusa huelezwa kwa mambo tuliyoyazoea mwilini. Maisha huelezwa kama safari kwa kuwa kila mtu amewahi kutembea. Ikiwa ndivyo, swali la kimsingi kwa mhakiki ni hili: anayeambiwa ashike njia nyembamba ametembea katika njia gani?

Sitiari yenyewe ni kongwe kuliko Injili. Zaburi ya kwanza inatenganisha njia ya wenye haki na ya waovu, na katika kitabu cha Yeremia (21:8) watu wa Yerusalemu wanawekewa mbele yao njia ya uzima na njia ya mauti. Wayunani nao walikuwa na kisa cha Herakle akiwa njia panda, kisa ambacho Xenofoni anakihusisha na Prodiko. Waswahili, kwa upande wao, wana fisi wao aliyeshindwa na njia mbili. Tofauti hapa ni ya kufurahisha. Fisi haangamii kwa kuchagua njia mbaya. Anaangamia kwa kutaka zote mbili.

Katika Uislamu, ambao ndio uliokuwa dini ya waasisi wa Kibera, kuna Sirati, daraja ambalo mapokeo hulieleza kuwa jembamba kuliko unywele. Askari wa Kinubi waliohudumu katika jeshi la King's African Rifles walianza kukaa katika ardhi hiyo mwanzoni mwa karne ya 20. Jina Kibera lenyewe linatokana na neno la Kinubi, kibra, lenye maana ya msitu au pori. Kwa hiyo wahubiri wa Kikristo walipofika Makina na vijiji jirani wakiwa na njia yao nyembamba, walikuta mahali ambapo wembamba wa njia ya akhera ulikuwa tayari umezoeleka masikioni. Sura ya 90 ya Kurani, ambayo jina lake, Al-Balad, lina maana ya mji, inazungumzia pia njia mbili, na inaitaja ile ngumu kuwa ni kupanda mlima. Kisha inaufafanua mlima huo kuwa ni kumwacha huru mtumwa na kumlisha yatima au maskini siku ya njaa. Fafanuzi hilo litahitajika baadaye.

Picha iliyoieneza sana sitiari hii katika ulimwengu wa kimishenari ilibuniwa na Charlotte Reihlen wa Stuttgart, Ujerumani, mwaka wa 1866. Gawin Kirkham, mhubiri wa Uingereza, aliitolea toleo la Kiingereza na kuhubiri kwayo viwanjani. Upande wa njia pana kuna ukumbi wa maonyesho, nyumba ya kamari na gari la moshi linalosafiri siku ya Jumapili, na mwisho wake ni mji unaoungua. Upande wa njia nyembamba kuna kanisa na shule ya Jumapili, na njia yenyewe inapanda polepole katika mandhari ya mashambani yenye nafasi na hewa safi. Mtu akiitazama picha hiyo kwa makini atagundua kwamba njia nyembamba ya Reihlen haina msongamano hata kidogo. Wembamba wake ni wa upweke. Mji, reli na umati vyote vimewekwa kushoto, upande wa upotevu.

Sasa reli ya kwenda Kisumu inapita katikati ya Kibera, na watu huitumia kama njia ya miguu na kando yake kama soko. Mkazi wa Laini Saba au Gatwekera anayefuata ramani ya Reihlen atajikuta amezaliwa upande wa kushoto wa picha.

Maneno yenyewe

Tafsiri ya Biblia ya Muungano (1952) iliuelezea mlango kwa kivumishi -embamba, lakini kwa njia ikatumia kitenzi songa katika hali timilifu. Tafsiri ya Habari Njema ya miaka ya 1990 imeviondoa vipembe hivyo na kutumia -embamba kwa vyote viwili. Usomaji umekuwa mwepesi, ila kuna kitu kimepotea. Neno la Kiyunani linaloielezea njia hiyo limetokana na kitenzi thlibo, kubana au kukandamiza, na nomino yake, thlipsis, ndiyo ambayo katika Agano Jipya la Kiswahili hutafsiriwa mara nyingi kuwa dhiki. Watafsiri wa Muungano, kwa kuchagua songa, waliihifadhi ile hisia ya kitu kinachombana mtu kutoka pande mbili.

Na dhiki nayo? Hili ni neno lililotoka katika Kiarabu, na asili yake ni wembamba, ufinyu wa mahali. Faraja nayo imetoka katika mzizi wenye maana ya kufunguka. Methali isemayo baada ya dhiki faraja, ambayo kila mwanafunzi wa darasa la nne anaijua, kimsingi ni methali ya njia: baada ya mahali pembamba, mahali palipofunguka. Kiswahili kilikuwa na sitiari hii kinywani siku zote bila kuitangaza.

Kitenzi songa kina upande mwingine unaofaa kutajwa. Ni kubana, lakini pia ni kusogea. Kondakta wa matatu ya Kawangware anayemtaka abiria asonge anamwamuru mambo mawili kwa pamoja: apige hatua na akubali kubanwa. Hakuna ufafanuzi wa wafasiri wa Biblia unaoifikia tafsiri hiyo kwa usahihi.

Neno barabara nalo lina kisa chake. Katika fonolojia ya Kiswahili, mkazo kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na barabara yenye maana ya njia kuu hufuata kanuni hiyo. Mkazo ukirudishwa nyuma kwa silabi moja, neno hilohilo linakuwa kielezi chenye maana ya sawasawa, ipasavyo. Wanafunzi huufurahia mfano huu katika somo la shadda, na kuishia hapo. Katika mitaa hii miwili mfano huo una ukali zaidi, kwa sababu huko barabara haijawahi kuja barabara.

Wengi na wachache

Hesabu ya Mathayo ni wazi: wengi wako katika njia pana, wachache katika nyembamba. Hesabu ya Nairobi imeigeuza juu chini. Sensa ya mwaka wa 2009 ilihesabu watu 170,070 Kibera, idadi iliyokuwa ndogo mno ikilinganishwa na milioni moja iliyokuwa ikitajwa na wengi, lakini bado ni umati mkubwa kwa eneo dogo. Umati huo hupita katika vichochoro ambamo watu wawili wakikutana, mmoja hulazimika kugeuka ubavu. Njia pana za mji hutumiwa kwa raha na wenye magari, ambao ni wachache.

Kawangware inaionyesha hali hii kwa namna nyingine. Barabara ya Gitanga hutoka Lavington, penye nyua kubwa na miti mirefu, na kuteremka hadi Kawangware. Ni njia moja, si mbili, na hakuna mlango katikati. Tangu uchaguzi wa mwaka wa 2013 wadi za Kawangware, Gatina na Kabiro zimekuwa katika eneo bunge moja, Dagoretti Kaskazini, pamoja na Kilimani na Kileleshwa. Anayetoka Gatina alfajiri kwenda kufua nguo Lavington huanza siku katika njia nyembamba, akaimaliza kazi katika njia pana, na kurejea. Sitiari inayodai kwamba njia hizo mbili haziwezi kutembewa na mtu mmoja humwacha bila mahali pa kujiweka.

Ndipo zinapozuka fasiri mbili zinazogongana, na zote mbili husikika katika makanisa ya mabati ya mitaa hii.

Ya kwanza huichukua dhiki ya mtaa kuwa ndiyo njia nyembamba yenyewe. Maskini tayari yumo njiani. Asinung'unike, mwisho wake ni uzima. Fasiri hii ina faraja yake, na haifai kubezwa na mtu anayeisoma akiwa maktabani. Lakini ina kasoro ya kimantiki. Mlango wa Mathayo huingiwa kwa hiari, na ndiyo maana kauli yake iko katika hali ya kuamuru. Kichochoro cha Mashimoni hakikuchaguliwa na mtu. Kiliachwa na sera ya ardhi ya kikoloni na zile zilizoirithi. Kuita ufukara njia ya mbinguni ni kumpa mwenye nyumba asiyejenga choo cheo cha mlinda lango la uzima. Isitoshe, fasiri hii ikikazwa mno huweza kuua. Mwaka wa 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa ya watu waliohusishwa na kundi la kidini lililodaiwa kufundisha kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kumfikia Yesu. Wapo waliofika huko wakitoka sehemu mbalimbali za nchi, wakiwa na watoto. Watoto hao hawakuchagua mlango wowote.

Fasiri ya pili ni ya injili ya mafanikio. Humo upana umebadilishwa kambi. Mungu huomba kuombwa apanue mipaka, afungue milango, aondoe kila kinachobana. Sala ya Yabesi katika 1 Mambo ya Nyakati 4:10 ndiyo nguzo yake. Kwa mtu anayelala chumba kimoja na watoto watano, hamu ya upana ni ya haki kabisa. Tatizo ni kwamba katika fasiri hii wembamba unakuwa dalili ya imani haba, na mkazi wa Kabiro anarudi nyumbani akiwa na mzigo wa pili juu ya ule wa kodi.

Fasiri zote mbili zinapuuza muktadha wa karibu wa aya. Mstari unaotangulia mlango mwembamba, Mathayo 7:12, ni ile kanuni ya kuwatendea wengine kama mtu anavyotaka kutendewa. Mstari unaofuata, 7:15, ni onyo kuhusu manabii wa uongo. Mlango umewekwa kati ya jirani na nabii wa uongo, na ni vigumu kuamini kwamba mpangilio huo ni wa bahati. Wembamba, kwa usomaji huu, ni ugumu wa kumtendea mwenzako haki. Hapo Mathayo anakutana na ule mlima wa Sura ya Mji, ambao nao ulifafanuliwa kwa kumlisha mwenye njaa.

Usomaji huu pia ndio unaoweza kuhimili tukio la tarehe 23 Julai 2018. Siku hiyo matingatinga yaliingia Kibera kubomoa majengo yaliyokuwa kwenye mkondo wa barabara ya kuunganisha Barabara ya Ngong na ile ya Lang'ata. Watu waliopoteza makao walikadiriwa kufikia 30,000, na shule kadhaa zilibomolewa zikiwa na wanafunzi waliosajiliwa humo. Wengi walilalamika kuwa hawakufidiwa. Njia pana iendayo kwenye maangamizi haikuwa tena lugha ya picha. Ilikuwa na mamlaka yake, bajeti yake na walinzi wake. Wasomaji wa hadithi fupi ya Said A. Mohamed, "Tumbo Lisiloshiba", wataukumbuka mtaa wa Madongoporomoka na kuona jinsi fasihi ilivyotangulia. Barabara yenyewe ni ya manufaa, na hakuna anayepinga gari la wagonjwa kupata pa kupita. Upana wake umetiwa doa na namna wale waliokuwepo walivyotendewa, na hilo ni suala la Mathayo 7:12 kabla halijawa la mistari inayofuata.

Luka na vichochoro

Luka (13:24-27) anao mlango mwembamba bila njia yoyote. Mlango wake ni wa nyumba, na mwenye nyumba anaufunga. Waliobaki nje wanajitetea kwamba yeye alifundisha katika njia zao. Neno la Kiyunani wanalolitumia ni plateia, barabara pana ya mji, ambalo ndilo lile lile, likiwa kivumishi, Mathayo alilolitumia kuuelezea mlango wa upotevu. Waliofungiwa, kwa maneno mengine, ni watu wa barabara kuu, waliomsikia mwalimu akipita mbele ya nyumba zao na wakadhani kusikia kunatosha.

Sura moja baadaye (14:21) mwenye nyumba mwingine ana karamu na wageni wake wamekataa kuja. Anamtuma mtumwa wake mjini awalete maskini, vilema, vipofu na viwete. Kiyunani hapa kinataja sehemu mbili za kutafutwa: plateia, na rhyme, yaani njia finyu za ndani ya mji. Kwa neno la pili watafsiri wa Muungano hawakusema njia nyembamba. Waliandika vichochoro. Mtumwa anaagizwa aingie humo akiwa na mwaliko mkononi, na katika kisa hicho hakuna mkazi wa kichochoro anayeulizwa kwa nini anaishi hapo.